Cajal: Bingwa wa neva ambaye hukumu yake kuhusu uti wa mgongo ilisomwa nusu

KWA miaka mingi, madaktari waliomhudumia mtu aliyevunjika uti wa mgongo walikuwa na jibu moja kwa jamaa zake: neva zilizokatika humo haziungiki tena, hivyo mgonjwa na ajifunze kuishi na kiti cha magurudumu.

Jibu hilo halikutokana na ukatili wala uzembe. Lilipata nguvu ya kisayansi kutoka kwa maandishi ya msomi mmoja wa Uhispania, ambaye heshima yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wachache walithubutu kumpinga.

Msomi huyo ni Santiago Ramón y Cajal, aliyefariki mwaka 1934 na ambaye hadi leo wataalamu wa ubongo humwita baba wa taaluma yao.

La ajabu ni kwamba katika kitabu kile kile alichotolea hukumu hiyo, Cajal alieleza pia ni kwa nini neva hizo hushindwa kujiunga, na akadokeza namna ya kuzisaidia. Tiba zinazofanyiwa majaribio leo kwa kutumia seli shina na protini zinazochochea ukuaji wa neva zimefuata njia aliyoionyesha. Kwa bahati mbaya, wengi waliomtaja waliishia katikati ya maelezo yake.

Utoto wa utundu

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika Petilla de Aragón, kijiji kidogo cha milimani kaskazini mwa Uhispania. Babake, Justo Ramón, alikuwa tabibu wa upasuaji wa ngazi ya chini ambaye kwa jitihada zake mwenyewe alijisomesha hadi akahitimu kuwa daktari kamili.

Mtu aliyepanda ngazi kwa jasho kiasi hicho hakuwa na subira na mchezo. Alitaka mwanawe awe daktari, naye mwanawe hakutaka jingine ila kuchora.

Kijana huyo alichora karatasini na ukutani, na alipokatazwa nyumbani alichora mafichoni. Siku moja baba alimpelekea fundi aliyekuwa akipaka rangi kuta za kanisa mojawapo ya michoro hiyo ili apate maoni yake. Fundi alitamka kwamba mtoto hana kipaji chochote, na kwa baba kesi ikawa imekwisha.

Shuleni mambo hayakuwa mema. Alikuwa mkaidi, mvivu wa kukariri na mwepesi wa fujo. Katika shule ya mapadri mjini Jaca alichapwa na kufungiwa bila chakula, lakini adhabu hizo zilimzidishia ukaidi tu.

Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga kwa gogo, akaujaza baruti na kulipua lango la jirani. Kwa kosa hilo alilala rumande siku kadhaa.

Baba alipochoka alimtoa shuleni akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu, ajifunze angalau kazi ya mikono. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika ushonaji viatu alikuwa fundi hodari.

Wawili hao walipatana mahali ambapo hakuna aliyepatarajia, yaani makaburini. Mnamo 1868 baba alimchukua hadi kwenye makaburi ya zamani, wakakusanya mifupa ya watu iliyokuwa imetupwa huko ili kijana ajifunze maumbile ya mwili. Cajal alianza kuichora mifupa hiyo, na kwa mara ya kwanza mzazi akaitazama kalamu ya mwanawe bila hasira.

Tangu hapo kijana akasoma udaktari mjini Zaragoza, akahitimu mwaka 1873.

Malaria, kifua kikuu na hadubini

Mara tu baada ya kuhitimu aliingizwa jeshini na kutumwa Cuba, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uhispania lililokuwa likipigania uhuru. Alihudumu katika hospitali za kijeshi zilizokuwa katikati ya vinamasi, na haukupita muda naye akawa mgonjwa miongoni mwa wagonjwa wake. Malaria na kuhara damu nusura vimtoe roho, akarejeshwa nyumbani mwaka 1875 akiwa amekonda mno.

Miaka mitatu baadaye alianza kutema damu. Ilikuwa kifua kikuu, maradhi ambayo enzi hizo hayakuwa na dawa. Alipona polepole kwa mapumziko milimani.

Mnamo 1879 alimwoa Silveria Fañanás, ambaye marafiki walihofia angekuwa mzigo kwa mtu mwenye mshahara mdogo na afya duni. Ilitokea kinyume. Bi Silveria aliendesha nyumba yenye watoto saba kwa ubanifu uliomwezesha mumewe kugharimia vifaa vya utafiti.

Wakati huo Cajal alikuwa amekwisha kujinunulia hadubini. Katika nchi ambayo maprofesa wengi waliona kifaa hicho kuwa kichezeo cha wageni, yeye alikaa mbele yake usiku kucha.

Alipata uprofesa Valencia mwaka 1883. Kipindupindu kilipozuka huko mwaka 1885, aliandika taarifa kuhusu ugonjwa huo kwa niaba ya serikali ya mkoa wa Zaragoza. Badala ya kumlipa maneno matupu ya shukrani, wakuu wa mkoa walimzawadia hadubini ya kisasa ya Zeiss kutoka Ujerumani.

Mwaka wa mavuno

Mnamo 1887, akiwa Madrid, Cajal alionyeshwa na daktari mwenzake, Luis Simarro, vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi. Mbinu hiyo, iliyovumbuliwa mwaka 1873, ilitumia chumvi ya fedha na kuzifanya seli chache za neva zionekane nyeusi kabisa katika uwanja wa manjano, pamoja na matawi yake yote.

Wengi waliipuuza kwa kuwa haikutabirika. Cajal aliirekebisha, akairudia mara mbili katika kipande kimoja, na badala ya kuhangaika na ubongo wa mnyama mzima akachukua wa vifaranga na wa vijusi, ambamo seli ni chache na njia zake ni fupi.

Alichokiona kilitatua ubishi mkubwa wa karne hiyo. Wasomi wengi, akiwemo Golgi mwenyewe, waliamini kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja usiokatika. Cajal alionyesha kwamba kila seli ya neva inajitegemea, na kwamba hupeana habari na nyingine kwa kukaribiana bila kuungana.

Hayo yalifanyika Barcelona mwaka 1888, na mwenyewe aliuhesabu kuwa mwaka mkuu wa maisha yake. Kwa kuwa hapakuwa na jarida la kuyachapisha, alianzisha lake kwa pesa za mfukoni na kutoa nakala 60 tu za toleo la kwanza, nyingi akazituma kwa wasomi wa nchi za nje.

Walipokaa kimya, alifunga safari. Mnamo Oktoba 1889 alihudhuria mkutano wa wanaanatomia mjini Berlin akiwa na hadubini yake na visanduku vya vioo. Kwa Kifaransa chake cha kubahatisha aliwaita wakubwa mmoja mmoja waje watazame wenyewe. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimika kuliko wote, alitazama, akasadiki, na tangu siku hiyo akawa mtetezi wake.

Mnamo 1906 Cajal na Golgi walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Walikutana Stockholm, na katika hotuba yake Golgi akatumia jukwaa hilo kuipinga nadharia ya mwenzake. Cajal, aliyezungumza siku iliyofuata, alieleza ushahidi wake bila kujibu kwa matusi.

Ncha yenye umbo la pia

Kwa mtu aliyeumia mgongo, hata hivyo, ugunduzi wenye uzito zaidi ni mwingine. Mnamo 1890, akichunguza uti wa mgongo wa kifaranga ambacho hakijaanguliwa, Cajal aliona kwamba uzi wa neva unaokua huwa na ncha iliyovimba, yenye umbo la pia.

Ingawa alikuwa akitazama kitu kilichokufa na kutiwa rangi, alitambua kwamba ncha ile ilikuwa safarini ilipokufa. Alieleza kwamba husukuma na kupenya baina ya seli nyingine ikitafuta njia.

Ilijuaje pa kwenda? Miaka miwili baadaye alitoa rai kwamba tishu inayofikiwa hutoa kemikali fulani inayoivuta ncha hiyo. Hakuwa na kifaa cha kuipima kemikali hiyo wala jina la kuipa.

Kuanzia 1905 aliligeukia swali la majeraha. Alikata neva za miguu za wanyama na kufuatilia kilichotokea siku baada ya siku. Aligundua kwamba uzi uliokatwa huchipua upya kutoka upande unaoshikamana na seli yake, na kwamba machipukizi hupenya kovu na kufuata njia ya zamani. Hii ndiyo sababu mtu aliyekatika neva ya mkono anaweza kurejeshewa hisia baada ya miezi kadhaa.

Alipofanya hivyo kwenye kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo wa paka na mbwa wachanga, matokeo yalikuwa tofauti. Nyuzi zilichipua kwa siku chache, zikajaribu kusonga, kisha zikasimama na kunywea.

Tofauti hiyo ilikuwa ya maana. Kamba ile haikufa kimya kama wengi walivyodhani, bali ilianza kujitibu ikashindwa njiani.

Hukumu na fununu

Aliyachapisha hayo katika juzuu mbili kati ya 1913 na 1914, kwa pesa zilizochangwa na madaktari wa Kihispania waishio Argentina. Hapo ndipo alipoandika, kwa huzuni ya dhahiri, kwamba katika ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kufungwa, na kinachoharibika humo hakirejei.

Waliosoma hapo wakafunga kitabu. Lakini Cajal hakuishia hapo. Mara moja aliongeza kwamba ni jukumu la sayansi ya siku zijazo kuibatilisha hukumu hiyo, endapo itawezekana.

Isitoshe, alikuwa na sababu ya kutumaini. Mnamo 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alikuwa amepandikiza kipande cha neva ya mguu ndani ya ubongo wa sungura. Nyuzi za ubongo, ambazo kwa desturi hazikui, ziliingia katika kipande hicho na kukua humo.

Cajal alihitimisha kwamba uwezo wa kukua haukupotea. Kilichokosekana ni mazingira, yaani vichochezi ambavyo neva ya mguu inavyo na uti wa mgongo hauna.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka ule ule wa 1914, na kitabu kilichoandikwa kwa Kihispania hakikupata wasomaji wengi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1928. Kufikia hapo, hukumu ilikuwa imeenea kuliko maelezo yake.

Cajal alistaafu ualimu mwaka 1922, akampoteza mkewe mwaka 1930, na akafariki Madrid mnamo Oktoba 17, 1934 akiwa na umri wa miaka 82, akiwa bado anaandika. Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisambaratisha maabara yake. Pío del Río Hortega, mmoja wa wanafunzi wake mashuhuri, alifia uhamishoni Argentina mwaka 1945. Tello naye alivuliwa vyeo vita vilipokwisha.

Mbegu zilizochelewa kuota

Kemikali aliyoiwazia Cajal ilipatikana miaka ya 1950 nchini Marekani, pale Mwitaliano Rita Levi-Montalcini na mwenzake Stanley Cohen walipotenga protini inayozifanya neva zichipue kwa wingi. Walitunukiwa Nobel mwaka 1986. Tangu wakati huo protini nyingine za jamii hiyo zimegunduliwa.

Jaribio la Tello lilithibitishwa kwa mbinu za kisasa mwaka 1981. Samuel David na Albert Aguayo, wa Montreal nchini Kanada, walitumia neva ya mguu wa panya kama daraja kando ya uti wa mgongo wake. Nyuzi kutoka katika uti huo na katika ubongo zilikua takriban sentimita 3 ndani ya daraja hilo.

Baadaye Martin Schwab wa Zurich alionyesha kwamba mafuta yanayozifunika nyuzi za uti wa mgongo yana protini zinazozuia ukuaji. Kwa hivyo, mbali na kukosa vichochezi, mahali hapo pana vizuizi pia.

Mnamo 2012 madaktari nchini Poland walimfanyia upasuaji mwanamume ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umekatwa kwa kisu. Walitandaza vipande vya neva ya mguu wake katika pengo la milimita 8, wakaongeza seli zilizotokana na sehemu ya ubongo inayohusika na kunusa. Taarifa yao ya mwaka 2014 ilisema alipata tena hisia na mwendo kiasi. Hata hivyo, huyo alikuwa mgonjwa mmoja, na mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha tiba.

Kwa upande wa seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi mwilini, jaribio la kwanza la kutumia zile zinazotokana na kiinitete kwa binadamu lilianza Marekani mwaka 2010, kwa watu walioumia mgongo. Lilisitishwa mwaka uliofuata kwa sababu za kifedha, baada ya wagonjwa wachache tu kuhudumiwa.

Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio walitumia seli za kawaida za mtu mzima zilizorudishwa katika hali ya uchanga. Mnamo Machi 2025 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa wanne waliopandikizwa, wawili walipata nafuu ya kuonekana, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Watafiti wenyewe wanakiri kwamba majaribio makubwa zaidi yanahitajika.

Vichochezi vya ukuaji navyo vina mitego yake. Katika majaribio kwa wanyama, vikimwagwa kwa wingi mahali pamoja, nyuzi za neva huvifuata na kukwama papo hapo, zikasahau safari. Si kila neva inayochipua hufika inapotakiwa, na baadhi zikipotea njia huleta maumivu.

Tahadhari

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo, mengi yakitokana na ajali za barabarani, kuanguka na vurugu. Palipo na uhitaji mkubwa kiasi hicho, wauzaji wa matumaini hawakosekani.

Zipo kliniki katika nchi mbalimbali zinazotoza maelfu ya dola kwa sindano za seli shina ambazo hazijathibitishwa. Mwaka 2014 madaktari waliripoti kisa cha mgonjwa aliyepandikizwa seli za puani kwa matumaini ya kutembea. Miaka minane baada ya upasuaji, hakuwa ametembea, na alipatikana na uvimbe mgongoni uliotokana na seli hizo.

Hapo ndipo maisha ya Cajal yanapotoa funzo. Aliyakataa mambo mawili kwa pamoja: kusema tiba ipo wakati hakuiona kwa macho yake, na kusema haitapatikana kamwe wakati machipukizi yalikuwa mbele yake kwenye kioo.

Michoro yake, ile aliyoanza kwa kujificha asionekane na babake, imehifadhiwa nchini Uhispania, na mwaka 2017 UNESCO iliiingiza kumbukumbu hiyo katika orodha ya hazina za dunia. Wanafunzi wa udaktari bado huitumia kujifunza.

Hadi sasa hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuuunganisha uti wa mgongo uliokatika, na jamaa za mgonjwa wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini wana haki pia ya kuambiwa nusu ya pili ya maelezo ya Cajal. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wahunzi wa kazi hii bado wako kiwandani.